Kunde ndefu zimejaa majani, maganda hayaonekani

Swali: Shikamoo mama. Naishi Mikindani, nina kiwanja kidogo nyuma ya nyumba. Mwanzoni mwa Desemba nilipanda maharage marefu, yale ambayo ganda lake linafika urefu wa mkono. Mbegu nilipewa na rafiki yangu aliyetoka Dar es Salaam. Tuta lina mita 4. Kabla ya kupanda niliweka magunia mawili ya samadi ya kuku, baadaye nikaweka urea mara mbili. Sasa Februari inakwisha. Mimea imepanda nyavu mpaka juu ya paa, majani ni mapana, yamekoza kijani, lakini maua ni ya kuhesabu na mengi yanaanguka. Tangu nianze nimechuma maganda saba. Jirani anasema mbegu ni dume, ning'oe nipande bamia. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Jembe liweke chini kwanza, usiing'oe. Jirani yako amechukua mambo ya mpapai akayahamishia kwenye kunde. Mpapai kweli unaweza kuwa dume, ukachanua mwaka mzima bila tunda la maana. Ua la kunde lina kiume na kike humo humo, na mara nyingi linajichavusha lenyewe kabla hata nyuki hajalifikia. Mbegu yako haina kosa. Mimea yako imeshiba kupita kiasi, na shibe hiyo ndiyo inayoizuia kuzaa.

Umeona nimeandika kunde, na nimefanya makusudi. Jina la maharage marefu ndilo lililokuponza, kwa sababu ukishasikia haragwe unatafuta namna ya kulima haragwe. Huo mmea ni kunde ile ile wanayopanda mabibi zetu katikati ya muhogo. Wataalamu wa mimea wanaziita zote Vigna unguiculata. Asili yake ni Afrika hii hii. Zamani sana zilivuka bahari zikafika India na Asia ya Kusini-Mashariki, na wakulima wa huko wakapenda kula ganda bichi kuliko punje. Wakawa wanatunza mbegu za maganda marefu, kizazi baada ya kizazi, mpaka ganda likafika nusu mita na zaidi. Haragwe la kawaida lilitoka Amerika, nalo linapenda ubaridi. Joto la pwani yetu la Januari linapukutisha maua yake, ndiyo maana maharage mengi tunayokula Mtwara yamelimwa mikoa ya nyanda za juu. Kunde joto hili ni lake. Mchanga wa Mikindani pia ni wake. Mmea wako uko nyumbani, ila umelishwa kama mgeni.

Kunde hutengeneza chakula chake yenyewe. Kwenye mizizi yake wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa kitu ambacho mmea unaweza kukitumia, na katika ardhi zetu bakteria wa kunde wamo tayari, huhitaji kuwanunua. Ukimwaga samadi ya kuku magunia mawili kwenye tuta la mita 4, kisha ukaongeza urea, ambayo asilimia 46 yake ni naitrojeni, mmea hauoni sababu ya kuwatunza hao wapangaji. Unapata naitrojeni bila jasho, nao unaigeuza yote kuwa majani na kamba. Maua huja mmea unapoanza kubana matumizi. Samadi uliyoweka ingetosha kulisha mchicha wa nyumba tatu.

Usiniamini kwa maneno tu. Kesho asubuhi chagua shina moja dhaifu pembeni, mwagilia udongo ulainike, kisha lichimbue kwa upole usikate mizizi. Ioshe kwenye ndoo. Utaona vivimbe vidogo vya mviringo vimekaa ubavuni mwa mizizi kama shanga. Chukua kimoja ukikate kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au wekundu wa nyama ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, kimelala au kimechoka. Nadhani utakuta vichache sana, na vingi vyeupe.

Hapo hapo tazama jambo la pili, kwa sababu watu wengi huvichanganya. Kivimbe kizuri kinabanduka kwa kidole, mzizi ukabaki mzima. Ukikuta mzizi wenyewe umevimba, umekuwa na mafundo kama tangawizi, na fundo halibanduki mpaka ukate mzizi, hao ni minyoo fundo. Minyoo hii inapenda mchanga kama wa pwani, na bamia anayokushauri jirani nayo ni chakula chake kikubwa. Ukipanda bamia mahali penye minyoo fundo utakuwa umeiandalia karamu. Ukishindwa kuamua, funga mizizi hiyo kwenye mfuko umpelekee afisa ugani wa kata, au ifikishe kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele, si mbali sana na kwako.

Sasa hayo maua yanayoanguka. Amka mapema, saa kumi na mbili na nusu, usimame mbele ya mimea yako. Ua la kunde hufunguka alfajiri, jeupe au la zambarau iliyofifia, na jua likipanda, kabla ya adhuhuri, limeshajifunga. Kesho yake limenyauka, petali zinadondoka. Ndivyo lilivyo, umri wake ni asubuhi moja. Kwa hiyo petali chini hazikuambii lolote. Angalia kikonyo kilichobaki juu. Ukikuta pale ncha ya kijani nyembamba kama sindano, hilo ni ganda, ua limemaliza kazi yake. Kikonyo kikibaki kitupu, na chini umeona vitumba vizima ambavyo havijafunguka, hapo mmea umetupa. Kunde hutupa maua mengi hata ikiwa na afya, lakini ikitupa karibu yote kuna sababu: shibe ya naitrojeni, kiu, kivuli, au mdudu ndani ya kitumba.

Kiu nakutajia kwa sababu ya miezi hii. Mvua zetu za kusini ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, lakini mara nyingi Januari au Februari inakatika wiki mbili tatu. Mchanga unakauka upesi, na kunde iliyozoea kunywa kila siku ikikosa ghafla inaanza kwa kudondosha maua. Mwagilia asubuhi, shinani, maji yazame, halafu funika udongo kwa nyasi kavu au makumbi ya nazi. Kama maji yako ni ya kisima, yaonje. Pale Mikindani visima vilivyo karibu na bahari vingine vina chumvichumvi, na ukimwagilia hayo siku hadi siku kingo za majani huungua, zinakuwa za kahawia. Ukiona hivyo, weka pipa chini ya bati, kinga mvua hizi zilizobaki.

Kuna jambo lingine ambalo hukulifanya wewe. Baadhi ya kunde, hasa zinazotambaa, zinasoma urefu wa mchana. Sisi tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na mchana wetu wa Desemba unauzidi wa Juni kwa zaidi kidogo ya saa moja. Kwetu hatuoni tofauti, lakini mmea unaiona, na mbegu ya namna hiyo ikipandwa Desemba inaweza kungoja mchana upungue ndipo ichanue kwa wingi. Sijaiona mbegu yako, lakini kama ni ya aina hiyo, Machi na Aprili zitakufurahisha.

Basi fanya hivi wiki hii. Urea ifunge, ikawasubiri mchicha au mahindi. Samadi usiiongeze. Ncha zote zilizofika kwenye paa zikate kwa kucha, urefu wa kiganja. Mmea ukikosa kichwa hutoa matawi ya pembeni chini, mahali mkono wako unapofika, na vikonyo vya maua hutoka kwenye maungio ya matawi hayo. Majani machanga unayokata ni mboga, ni yale yale majani ya kunde, pika na tui la nazi. Ya chini yaliyokomaa na kufunikana yapunguze ili upepo upite. Chukua majivu ya kuni, konzi moja kwa kila mashina mawili, yanyunyize mbali kidogo na shina kisha mwagilia. Majivu yana potasiamu na hayana naitrojeni. Ukimaliza, vumilia wiki tatu. Toka ua lifunguke hadi ganda la kuchuma ni kama siku 10 hadi 14, hivyo kabla Machi haijaisha utakuwa umejua.

Na hilo paa? Nimeona mara nyingi watu wakifurahia mmea ulioruka juu ya bati. Bati la pwani saa nane mchana linaunguza, na ganda lililo juu ya paa halichumwi, litakomaa huko huko. Wigo wa mita 2 unatosha, mtu anayenyoosha mkono aufikie mwisho wake. Nyavu ulizotumia sijui ni zipi. Kama ni nyavu chakavu za wavuvi, ni wazo zuri kwa watu wa Mikindani, ila tafuta zenye macho makubwa ya kupitisha ngumi. Zenye macho madogo zinanasa ndege na mijusi, na kuitoa humo mimea iliyokauka ni kazi ya siku nzima. Kamba ya nailoni inateleza, kunde hupanda ikashuka na uzito wake. Ya mkonge ina manyoya, mmea unashika. Fito za mianzi nazo nzuri. Matawi ya mkorosho yaliyopogolewa hayagharimu kitu lakini mchwa huyamaliza kabla ya msimu kwisha. Yakiwa ndiyo uliyonayo, unguza kwanza sehemu itakayoingia ardhini.

Ukisimamisha wigo mpya, uelekeze kusini na kaskazini. Jua la asubuhi litapiga upande mmoja na la jioni upande wa pili. Pia upepo wa kusi unapovuma katikati ya mwaka utapita kando ya wigo badala ya kuusukuma ubavuni. Nilishawahi kuuweka wigo wangu ukikingama na upepo, ukiwa umebeba mzigo wa maganda, na usiku mmoja wa Julai ukalala wote chini. Mashina yalikatika kwenye shingo, hakuna lililoinuka tena.

Jambo dogo la kupendeza: kunde haina vikono vya kushikia kama tango. Ni ncha yenyewe inayozunguka hewani ikitafuta, na ikigusa kamba inajiviringa. Ukiitazama kutoka juu inazunguka kinyume cha mshale wa saa. Mimea michanga unapoisaidia kupanda, izungushe upande huo huo. Ukiizungusha upande mwingine, kesho utaikuta imejifungua na inaning'inia.

Kuchuma ndiko kunakoamua utakula miezi miwili au wiki mbili. Kikonyo cha kunde mara nyingi hubeba maganda mawili, yameachana kama miguu, na katikati yake, pale juu, kuna kijibonge cha vitumba vidogo kuliko punje ya ulezi. Hicho ndicho akiba yako. Ganda likitolewa kwa uangalifu, kijibonge kinatoa maua mengine kwenye kikonyo kile kile. Ukivuta kwa haraka ukaondoka nacho, umefunga duka. Shika kikonyo kwa mkono wa kushoto, ganda lishike karibu kabisa na ungio lake kwa mkono wa kulia, livunje kwa kulikunja upande. Chuma likiwa nene kama penseli, linavunjika kwa mlio, na punje hazijaanza kujitokeza kama magoti. Chuma kila siku au siku moja baada ya nyingine, hata kama hupiki. Maganda yakivimba yakabaki kwenye mmea, unajua uzazi umetimia na unaacha kuchanua. Wape majirani, akiwemo huyo aliyekuambia ung'oe.

Wadudu. Ncha na vikonyo vitafunikwa na wadudu mafuta, weusi, wamebanana. Sisimizi utakaowakuta juu ya maua wasikutishe, kunde ina vitezi vya utamu nje ya ua na sisimizi hufuata huo, lakini wakiwa wengi penye wadudu mafuta ujue wanawalinda. Ukiwakuta mapema wasugue kwa vidole ukiloweka maji. Wakizidi, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 1 ya maji, pulizia jioni chini ya majani. Usiwaache, maana wanahamisha virusi vya batobato kutoka shina hadi shina, na jani likishakunjamana na kuwa na mabaka ya njano hakuna dawa, ng'oa shina hilo moja. Funza wa maua ni mwingine. Anafuma utando kati ya kitumba na jani, anakula ndani, kisha anatoboa ganda na kuacha uchafu kama unga wa mbao mlangoni. Ukipasua vitumba vitano vilivyoanguka ukamkuta hata mmoja, kusanya vyote vilivyo chini kila asubuhi na kuviteketeza. Mwarobaini umejaa mitaa yote ya Mtwara na Lindi. Ponda majani mabichi kilo 1, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja, pulizia jua likizama. Mbegu zake zina nguvu kuliko majani, kama unaweza kuziokota.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Karibu kila nyumba mikoa yetu hii ina chupa ya dawa ya korosho iliyobaki, chini ya kitanda au juu ya kabati. Tafadhali usiiguse kwa ajili ya kunde. Dawa hizo zimepimwa kwa mti ambao utachukua wiki kadhaa kabla korosho haijaokotwa, na inayoliwa imo ndani ya ganda gumu. Kunde unaipulizia leo jioni na kesho kutwa mtoto anaila pamoja na ngozi yake. Hakuna siku za kungoja zinazowezekana kwa mboga inayochumwa kila siku. Nimemwona mama akizipulizia kunde zake dawa hiyo kwa nia njema kabisa, kwa sababu mumewe aliisifu kwenye mikorosho, na watoto watatu wakaharisha na kutapika usiku kucha. Walipona, lakini sikuwahi kuisahau ile alfajiri. Kama jirani anapuliza salfa kwenye mikorosho Juni au Julai na vumbi likakufikia, osha maganda kwa maji mengi, na zaidi ya hapo usiwe na hofu.

Msimu ujao, tuta jipya lisipate zaidi ya debe moja la samadi iliyooza vizuri, ya ng'ombe au mbuzi ni bora kuliko ya kuku. Kama unataka mbolea ya duka, TSP, kisoda kimoja kwa kila shimo, uichanganye na udongo isigusane na mbegu. Hiyo ni fosforasi, nayo kunde inaihitaji kwa mizizi na maua. Mashimo yaachane sentimita 30, mbegu tatu kila shimo, kina cha sentimita 3, zikiota bakiza mbili. Ardhi ikiwa na joto zinaibuka kati ya siku ya tatu na ya sita. Miche ikinyauka ikiwa na majani mawili matatu, na shina limepasuka na kuvimba pale linapoingia ardhini, ni inzi wa maharage. Iliyosalimika ipandishie udongo shingoni, itatoa mizizi mipya juu ya jeraha. Tarajia kuchuma baada ya siku 60 hivi. Panda mita moja ya tuta kila wiki tatu badala ya lote siku moja, utakuwa na mboga mpaka kusi itulie, mradi una maji ya kumwagilia.

Mbegu usitafute tena kwa watu. Kwenye mashina mawili yanayozaa vizuri, yenye majani yasiyo na mabaka, funga uzi mwekundu kwenye maganda ya mwanzo mazuri, uyaache hapo yakauke mpaka yaite kwa punje ukiyatikisa. Ziwe mbali na kunde za kawaida za jirani, kwa sababu ni jamii moja na mara chache nyuki huzichanganya, ukapata maganda mafupi usiyoyatarajia. Zipukuchue, zianike kivulini siku kadhaa, changanya na majivu makavu, zijaze kwenye chupa tupu ya maji iliyokauka, mpaka shingoni ili hewa isibaki, kaza kifuniko. Wadudu wanaobungua kunde wanatoka nazo shambani, na wakikosa hewa wanafia humo ndani. Chupa iandike tarehe, na uiweke mahali penye baridi, si karibu na jiko.